Mara ya Tatu Juu ya Ngazi

Foleni ya eksirei ilianza mlangoni, ikapita kwenye mabenchi, ikakata kona ya choo, ikaishia karibu na dirisha la dawa. Watoto walilia, watu wazima waligombania nani katangulia, na feni ya dari ilizunguka kivivu kama mtumishi anayengoja kustaafu. Katikati ya msongamano huo alisimama mwanamume mrefu, mgeni wa nchi, shati kalivaa mkono mmoja, mkono wa pili kaukumbatia kifuani, na begi la kamera kalibana katikati ya miguu kama mtu anayelinda kuku asitoroke.

Mtaani walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kupiga picha na kutengeneza filamu, na kwa miaka mingi ya kufumba jicho moja nyuma ya kamera, hata akienda kununua mkate alilifumba, akamtazama muuzaji kama anayempima. Alikuja katika mji ule kwa kazi ya wiki tatu. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na mbili. Ukimuuliza mbona hakurudi kwao, alicheka tu, maana jibu lenyewe hakuwa nalo.

Mlango ukafunguka. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu akatoa kichwa. Alivaa koti la kazi la buluu na viatu vyeupe vya mpira, na kichwani kilemba cha manjano kilichofungwa harakaharaka lakini kikakaa vizuri kuliko vya wanaoshinda kwenye kioo.

"Bega!" akaita. "Bega la kulia yuko wapi?"

"Niko hapa. Lakini nina jina."

"Hapa ndani jina lako ni bega. Ingia. Hilo begi liache nje."

"Hili haliachwi nje. Huyu ndiye mke wangu."

"Basi mwambie mkeo akae mbali na mashine yangu. Haipendi wake wenza."

Foleni nzima ikacheka. Hata mama mmoja aliyevunjika kidole akasahau kulia.

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa ya kusafishia. Mwanamke akamsimamisha ubaoni, akamgeuza kama anavyogeuzwa mtoto anayevalishwa, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Mimi pia napiga picha," akasema akirudi nyuma ya kioo. "Tofauti ni kwamba wangu hawatakiwi kutabasamu."

"Wangu nawaomba watabasamu, wananuna."

"Nyamaza sasa. Usipumue."

Jicho hakupumua. Alisema baadaye kwamba hata bila kuamrishwa asingepumua.

Picha ilipotoka, mwanamke akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Bega lako limechoka, bwana. Limeshuka kuliko mwenzake. Hata ukizikwa leo, watakaokufukua miaka mia ijayo watasema, huyu alikuwa mbeba mizigo."

"Nipe namba yako ya simu, nikuulize maendeleo ya bega."

"Namba ya idara imeandikwa mlangoni. Mwingine! Goti, ingia!"

Kesho yake saa nne simu ya idara ikalia.

"Eksirei hapa."

"Ni bega."

"Bega gani? Jana nilipiga mabega kumi na moja."

"Lenye mke."

Kicheko kilichopasuka upande wa pili kilimfanya Jicho aketi kitandani ovyo, akakalia miwani yake. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, kwa hasara ya miwani.

Hospitalini yule mwanamke aliitwa Dada wa Mifupa, na Jicho akamwita Mifupa, jina ambalo mwanamke mwingine angelirudisha kwa kofi. Yeye alilipenda. Walikutana alasiri alipotoka zamu, wakatembea bila haraka, wakibishana juu ya kila kitu. Jicho alikaa vyumba viwili juu ya duka la dobi, na mvuke wa pasi ulipanda sakafuni mchana kutwa. Chumba cha kwanza kilikuwa kitanda na sufuria tatu. Cha pili kilikuwa kompyuta, kitambaa cheusi dirishani na rafu za filamu zilizopangwa kwa miaka. Asubuhi alipiga picha za vitambulisho na harusi ili apate kula. Muda uliobaki alitengeneza filamu yake mwenyewe, ya watu ambao bado wanafanya kwa mkono kazi ambazo mashine zimeshazichukua.

"Yaani umevuka bahari uje kutazama watu wakifanya kazi?" Mifupa alimuuliza siku ya kwanza kupanda mle.

"Ndiyo."

"Na wewe unafanya lini?"

Akaanza kupekua picha. Akafika kwenye fungu la maandishi ya ukutani: duka la vitambaa, kinyozi, fundi redio, herufi nene zenye mikia iliyopinda kama paka anayejinyoosha. Jicho alikuwa anazipiga kwa miaka tisa bila kujua ni mkono wa nani. Mifupa akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Huyu ni baba yangu, wewe."

Mzee Brashi alikuwa ameandika majina ya nusu ya maduka ya mji ule. Hakutumia rula. Hakupiga mistari ya chaki. Alipanda ngazi amevaa shati jeupe, na jioni alishuka nalo likiwa jeupe. Alikuwa na majivuno ya jambo moja tu: kwa miaka arobaini hajawahi kurudia herufi. "Herufi ni kama neno la mtu mzima," alisema. "Ukishaitoa, imetoka." Nyumbani aliishi na binti yake na dada yake, shangazi wa Mifupa, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule.

Jicho alipoomba kumpiga filamu akiwa kazini, mzee alijifanya kukataa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akauliza, "Nivae shati lipi?"

Siku yenyewe walikwenda kwenye duka la viatu. Jina lilikuwa VIATU IMARA, juu kabisa ya mlango, ngazi ya hatua kumi na mbili. Mzee alipanda mapema, akaandika, na kufikia saa nne alikuwa amemaliza A ya mwisho. Akashuka, akaosha brashi kwa mafuta ya taa, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikakauka. Mwenye duka akatoka, akasifu, akarudi ndani kwa wateja.

Na hapo ndipo Jicho alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Alitazama alichokipiga akaona lori limepita mbele ya kamera wakati ule ule mzee anavuta mkia wa A. Akamwomba arudie. Si kuandika, kuigiza tu, brashi kavu juu ya rangi mbichi bila kuigusa. Mzee akapanda mara ya pili, akaigiza vizuri, akashuka akihema. Ilikuwa inatosha. Jicho alijua inatosha. Lakini wingu likasogea, jua likaukumba ukuta, na rangi nyekundu ikawaka kama kaa la moto.

"Mzee, mara moja tu. Mwanga umekaa sawasawa."

"Mara moja yako hii ni ya tatu, mkwe," mzee akasema, akacheka, akapanda.

Kwenye hatua ya nane mguu ukateleza. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni ngazi ikikwaruza ukuta, kisha mshindo ambao Jicho hakuupatia mfano tena maishani.

Hospitalini hakukuwa na mwingine zamu ile. Mifupa alimpiga eksirei baba yake mwenyewe. Alitoka chumbani uso mkavu, picha mkononi, akasema nyonga imevunjika mahali pawili. Kisha akamkazia macho Jicho.

"Mwenye duka anasema kazi ilikwisha. Anasema baba alishaosha brashi. Alipanda kufanya nini?"

Mzee alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, hatua mbili tu, macho amefumba. Jicho alifungua mdomo aseme ukweli. Naapa alikusudia kusema ukweli. Kilichotoka ni hiki:

"Alisema ile A haijamkaa vizuri. Akataka kuirekebisha."

Mzee akafumbua macho. Akamtazama Jicho kwa muda mrefu, akamtazama binti yake, akaona jinsi binti yake alivyomshika Jicho mkono wa shati bila kujua kwamba ameshika.

"Ndiyo," mzee akasema. "Ile A."

Uongo una watu wa aina mbili, anayeusema na anayeubeba. Jicho aliusema mara moja, ukamchukua muda wa kumeza mate. Mzee aliubeba miezi minne.

Ulikuwa mzigo hasa, kwa sababu Mifupa alikuwa na ulimi wa kumkemea anayempenda. Kila alipomsaidia baba yake kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, aliimba wimbo mmoja. "Herufi moja, baba! Kwa herufi moja! Nilikwambia uzee huu uache ubishi." Shangazi alipokea kiitikio: "Kaka yangu huyu tangu utoto ni kichwa cha nazi." Na Jicho ameketi mezani pao, sahani yake imejazwa kuliko za wengine kwa sababu ndiye aliyemkimbiza mzee hospitali. Mzee aliinama, akatafuna polepole, akasema, "Ndiyo, mama. Nilikosea." Akiinua macho hakumtazama Jicho. Hilo lilikuwa baya kuliko kama angemtazama.

Habari haikukaa ndani. Mifupa aliisimulia kazini, dukani, kwa majirani, kwa uchungu wake. Watu wakaigeuza mzaha. Fundi akikosea kidogo, mwenzake alimwambia, "Usituletee A ya Mzee Brashi." Kinyozi aliyekuwa ameagiza bango jipya akabadilisha mawazo, akaenda kwa wanaochapa kwa mashine. Alisema bila ubaya, "Mzee sasa haiamini tena herufi yake mwenyewe." Jicho alikuwa kwenye kiti cha kinyozi wakati ule, shingo imefungwa shuka. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, na kinyozi akamuuliza kama wembe umemkata.

Akaanza kuhepa. Kwanza alipunguza kwenda kula. Kisha akapunguza kupokea simu. Kwenye kompyuta yake ile picha ya ngazi ilikuwa bado ipo, na kamera haikuwa imezimwa: sauti yake mwenyewe ilikuwa humo, tamu, ya mtu anayeomba kitu kidogo. Mara moja tu. Aliitazama kila siku. Hakuifuta. Kuifuta kungekuwa uongo wa pili, na kuionyesha kulihitaji uanaume ambao hakuwa nao. Wakati huo huo ikaja barua kutoka kwao: kituo cha televisheni kinamtaka, kazi ya kudumu, na mama yake mzazi alishamwambia kwenye simu kwamba chumba chake cha zamani ameshakipaka rangi. Jicho akajiambia kwamba kuondoka ni kumpunguzia Mifupa matatizo. Mtu mwoga hakosi jina zuri la kuita woga wake.

Akaanza kugawa vitu. Shangazi, ambaye macho yake yalikuwa kila mahali, aliona friji ya Jicho ikishushwa kwa dobi. Haikupita nusu saa, Mifupa akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Na friji iko wapi?"

Jicho akatazama pembe tupu iliposimama friji.

"Jicho. Nakuuliza friji iko wapi."

"Nimempa jirani. Ilikuwa inapiga kelele."

"Inapiga kelele mwaka mzima, leo ndiyo umesikia? Usitoke hapo."

Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa viatu vyeupe vya mpira na gauni la kijani, mkoba ubavuni kama ngao. Akasimama mlangoni, akatazama masanduku mawili, rafu tupu, kitambaa cheusi kilichokunjwa.

"Ni mwanamke?" akauliza.

"Hapana."

"Una mke kwenu? Useme tu. Shangazi alisema tangu mwanzo, mtu mzima miaka arobaini na mbili hakosi mke mahali. Mimi nikamtetea. Nikasema huyu mke wake ni begi."

"Mifupa, sina mke. Hakuna mtu."

"Basi nimekukosea nini? Miezi miwili hushiki simu. Ukija unakaa kama uko msibani. Baba yangu anakuulizia kila siku, mkwe yuko wapi, mkwe yuko wapi, na mimi namwambia ana kazi nyingi. Nakusemea uongo kwa baba yangu, mpenzi. Mimi! Angalau nijue nadanganya kwa ajili ya nini."

Pengine angenyamaza hata hapo. Lakini lile neno, kumsemea uongo kwa baba yake, lilimpiga mahali ambapo hakuwa na kinga tena. Akaketi juu ya sanduku.

"Baba yako hakupanda kurekebisha herufi."

"Nini?"

"Ile A haikuwa na kitu. Alikuwa amemaliza. Mimi ndiye niliyempandisha, kwa ajili ya filamu. Mara ya pili kwa sababu lori lilipita. Mara ya tatu kwa sababu ya jua tu. Akaanguka. Ukaniuliza pale korido, nikadanganya, na yeye akanifunika."

Chini, pasi ya dobi ilitoa mvuke, *shhh*, kama inayomwambia mtu anyamaze.

"Kuna picha?" Mifupa akauliza hatimaye.

"Ipo."

"Nionyeshe."

"Usitazame, tafadhali. Nimeshakwambia kwa mdomo wangu."

"Mdomo wako nimeuamini miezi minne. Nionyeshe."

Akamwonyesha. Mifupa alitazama akiwa amesimama, mkoba begani, kama mtu anayesoma tangazo. Akasikia ile sauti tamu. Akamsikia baba yake akisema mkwe, wakati huo hata posa haijatajwa. Mzee alipofika hatua ya nane Jicho akasogeza mkono aizime, naye akaushika mkono huo, akauweka pembeni. Alitazama mpaka mwisho.

"Mara ngapi umeitazama hii?"

"Kila siku."

"Kila siku. Kisha unakuja kwetu, unakaa, unanisikiliza ninavyomtukana baba yangu. Unasema niongezee supu."

"Ndiyo."

"Mara moja tu ungesema, basi, mwache mzee. Hata kama usingesema sababu. Mara moja tu." Akasikia neno lililomtoka mdomoni, uso ukamkunjamana. Akatoka. Hakubamiza mlango. Jicho alisubiri mlango ubamizwe, haukubamizwa.

Asubuhi simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee.

"Wewe ni mjinga wa namna gani?" mzee akasema bila salamu. "Mzigo nimeubeba miezi minne, wewe unautupa alasiri moja?"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini? Binti yangu jana kaingia hapa kapiga magoti, kanilalia mapajani, kalia mpaka nikadhani kuna aliyekufa. Leo hajanywa hata chai. Nilikaa kimya ili msikorofishane, ninyi mnakwenda kukorofishana nyuma yangu."

"Mzee, nisamehe. Nilikuvunja mguu, nikakuvunja na jina."

Jicho alisikia kiti cha magurudumu kikilia.

"Mguu ni wangu, nilipanda nao mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Ungeniomba mara ya nne ningepanda. Nilitaka nionekane, bwana. Mtu anaandika majina ya wenzake miaka arobaini, siku moja anataka aonekane na yeye. Hilo nakusamehe, na nisamehe na mimi, nilijitia ujana. Lakini jina..." Akakohoa. "Jina lile lilinikaa hapa kooni. Sitakudanganya. Kuna siku ulikuwa unakula, nikatamani nikurushie sahani."

"Ungenirushia."

"Ilikuwa na chakula kizuri." Kisha akauliza, "Amekutukana?"

"Hapana. Alitoka kimya."

"Basi usiende popote. Huyo mwanangu akikutukana, bado uko moyoni. Kaa hapo usubiri matusi yako."

Jicho akakaa. Siku hiyo hiyo alimpigia mama yake, akamwambia kazi ya televisheni haitaki tena. Mama yake akauliza kama ni kwa ajili ya mwanamke. Akajibu kwamba ni kwa ajili ya mzee mmoja, na mama yake, ambaye hakuelewa, akasema chumba kitabaki na rangi yake. Friji ilibaki kwa dobi. Siku zikapita, kumi, kumi na tano. Asubuhi alipiga picha za vitambulisho. Aliwaambia watu wasitabasamu, kama sheria ya vitambulisho inavyotaka, na kwa mara ya kwanza aliona ni kazi nyepesi kuwatazama wasiotabasamu. Kamera kubwa hakuigusa. Mara mbili alipita mtaa wa kina Mifupa, akafika kona, akarudi, akijiona kama mwizi anayeirudia nyumba aliyoiba.

Siku ya kumi na nane simu ikalia, saa moja asubuhi.

"Mshenzi wewe!"

Jicho akafumba macho. Hajawahi kusikia salamu nzuri kama ile.

"Mwoga, mnafiki, mla supu za watu! Mtu mzima na ndevu zako unajificha nyuma ya mzee wa miaka sabini! Na usiniambie nisamehe, nikisikia neno hilo nitakukatia. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Leo niko likizo. Saa nne uwe mbele ya duka la viatu. Bila kamera. Ukichelewa dakika moja, nenda kwenu kabisa, ukamsalimie mama yako."

Alifika saa tatu na nusu. Alivaa shati alilolipiga pasi dobi mwenyewe kwa huruma, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini mabega yake hayakuwa na mkanda wa kamera. Mikono hakujua aiweke wapi. Akaiweka mfukoni, akaitoa, akaikunja.

Mifupa alitokea upande wa pili wa barabara. Gauni la zambarau, hereni ndogo, kilemba kimefungwa polepole safari hii, na macho yamevimba kidogo chini ya wanja. Alikuwa amekonda. Jicho akaona, akajua kila kilo iliyopungua imekwenda wapi.

Hakumsalimia. Alitoa kipande cha karatasi kwenye mkoba.

"Ishirini na tatu," akasema. "Nimekaa nikahesabu. Nyumba na maduka ishirini na tatu ambako mimi, kwa mdomo wangu, nilisema baba yangu kaanguka kwa ubishi wa herufi. Sijahesabu hospitali, hiyo nitamaliza mwenyewe. Tunaanza hapa. Wewe utasema lako, na mimi nitasema langu."

"Lako lipi? Wewe hukujua."

"Sikujua kuhusu ngazi. Lakini miaka yote hii nimeishi na yule mzee, namjua kwamba harudii herufi. Najua hilo kuliko ninavyojua jina langu. Nikaambiwa karudia, nikaamini siku ile ile, kwa sababu aliyeniambia ni wewe." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Kwa hiyo usijifanye kosa ni lako peke yako. Acha uchoyo."

Jicho akatikisa kichwa. Watu walipita katikati yao na mizigo yao, mmoja akawaambia wasizibe njia.

"Kazi ya kwetu nimeikataa," akasema.

"Sikukuuliza."

"Najua."

"Sijakusamehe, Jicho. Usije ukadanganyika. Asubuhi namwona baba akihesabu hatua kwenda chooni, nataka nije nikung'oe meno. Nimejaribu kukukasirikia kwa mbali, nikaona najichosha bure, matusi mengine yanakauka kabla hayajakufikia." Akakunja karatasi, akaifungua tena. "Nataka nikukasirikie ukiwa karibu."

"Nikasirikie."

"Nitakukasirikia mpaka unizoee. Sasa sikiliza. Ya mwisho kwenye karatasi hii ni nyumba yetu, kwa shangazi. Yeye ndiye aliyeisambaza kuliko wote, na atakupigia kelele mtaa usikie. Zikiisha kelele zake, kama una neno jingine la kusema pale nyumbani, la mtu mzima, baba atakuwa amekaa. Utalisema."

Jicho alimtazama kwa macho yote mawili. "Na wewe utajibu nini?"

"Ndiyo kwanza uko mlango wa kwanza, unauliza majibu ya mlango wa ishirini na tatu." Lakini mdomo ulimcheza upande mmoja, kidogo tu, akaugeuza asionekane.

Wakaingia dukani. Kulikuwa na wateja wawili wameketi, soksi zimetoboka, na mwenye duka amepiga goti mbele yao na kiatu mkononi.

"Karibuni, karibuni! Namba ngapi?"

"Hatukuja kununua," Jicho akasema. Alizoea kusimama nyuma ya kitu, na pale mbele yake hakukuwa na kitu. "Nimekuja kukwambia habari ya Mzee Brashi. Hakupanda kurekebisha herufi. Alikuwa amemaliza kazi yako, na haikuwa na kosa lolote. Nilimpandisha mimi, nipate picha nzuri. Kisha nikamsingizia."

Mwenye duka akabaki na kiatu mkononi. Akamtazama Mifupa.

"Na mimi nikasambaza," Mifupa akasema. "Nilikuja hapa, nikakwambia baba yangu mbishi. Haikuwa kweli. Naomba uwaambie wote uliowaambia."

Wateja wale wawili waliacha kuvaa viatu. Mwenye duka akainuka taratibu, akatoka nje, akarudi nyuma mpaka barabarani, akainua uso akalitazama bango lake muda mrefu, mikono kiunoni.

"Nilikuwa nasema," akasema akirudi, akimtazama Jicho kwa jicho ambalo halikuwa zuri. "Kila asubuhi nafungua duka, naitazama ile A, naitafuta kasoro yake siioni. Nikadhani macho yangu mabovu." Akapiga goti tena mbele ya mteja. "Mwambieni mzee nina mlango wa nyuma hauna jina. Uko chini, hauhitaji ngazi. Akiweza kukaa, aje aandike. Wewe bwana, usije naye."

"Sitakuja," Jicho akasema.

Walipotoka, jua lilikuwa limepanda. Mifupa alitoa kalamu, akakata mstari wa kwanza kwenye karatasi, akapuliza wino kama unavyopulizwa uji wa mtoto.

"Bado ishirini na mbili," akasema. "Anayefuata ni kinyozi."

Kisha akamshika kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayemvusha mwenzake barabara yenye magari mengi, wakavuka.